Milimita Tatu za Nani?

Ekseli iitwayo Dana 60 ni chuma cha kazi. Ilifungwa mbele ya pikapu nzito za Ford, Chevrolet na Dodge za miaka ya 1970 na 1980, zile za kubeba tani moja na kuvuta trela, na mpaka leo Wamarekani wanaopenda kupanda miamba kwa magari huitafuta kwenye skrepa kwa udi na uvumba. Ina nati nane kila upande, breki za diski, na mwili usiovunjika ovyo. Udhia wake ni mmoja. Kiwandani ilikusudiwa kuvaa rimu za inchi 16 na kuendelea, ilhali mpanda miamba mara nyingi anataka rimu ya inchi 15. Akiivisha, inagonga kalipa ya breki.

Hataki rimu ndogo kwa ajili ya urembo. Urembo siku hizi umehamia kwenye rimu kubwa. Ni hesabu. Tairi la kimo cha inchi 40 likivalishwa rimu ya inchi 15 linabaki na ubavu wa mpira wa inchi 12 na nusu. Rimu ikiwa ya inchi 20, ubavu unashuka hadi inchi 10. Ubavu mrefu ndio unaomruhusu dereva kupunguza upepo mpaka tairi litandae juu ya jiwe na kulishika badala ya kuliteleza. Watu wa Iceland, wanaopita juu ya barafu na theluji laini kwa magari yenye matairi ya inchi 38 na 44, wanaishi kwa hesabu hiyohiyo. Halafu kuna sababu ya mfukoni: kwa miaka mingi matairi mapana ya porini yalitengenezwa zaidi kwa ajili ya inchi 15, na rimu zake zilikuwa rahisi.

Fundi hana mengi ya kuchagua. Anaweza kutafuta kalipa ndogo ya gari jingine, anaweza kulipia rimu yenye nafasi zaidi kwa ndani, au anaweza kuwasha grainda. Wengi huwasha grainda. Kona za nje za kalipa zinasagwa kidogo, rimu inajaribiwa kwa mkono, zinasagwa tena, mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza na mwanya wa milimita tatu hivi ubaki kati ya chuma na chuma. Kisha inapulizwa rangi nyeusi, na asiyejua hajui.

Kwa macho ya fundi, kilichoanguka sakafuni ni takataka, na mara nyingi yuko sahihi. Kalipa ya chuma cha kusubu huja na mabonge ambayo yapo kwa sababu kalibu iliyahitaji. Breki haiyahitaji. Lakini si kila bonge. Dereva akikanyaga breki kwa hofu, shinikizo la mafuta ya breki laweza kupita paundi 1,000 kwa kila inchi ya mraba. Pistoni yenye kipenyo cha inchi 3 ina eneo la inchi za mraba 7 na ushei. Zidisha, na utapata zaidi ya tani tatu zinazojaribu kuitanua kalipa kutoka ndani. Kinachoizuia isitanuke ni daraja la mgongoni, ule mwili unaounganisha upande wa pistoni na upande wa pili wa diski. Na daraja hilo ndilo linalopita karibu zaidi na rimu. Mahali panapotakiwa nafasi ndipo palipolala nguvu.

Likisagwa kidogo, huenda isionekane tofauti yoyote maishani. Likisagwa zaidi, kalipa itaanza kupinda kila inapobanwa. Kabla pedi hazijauma sawasawa, pedali itakuwa imeshazama kidogo zaidi ya ilivyozoeleka. Hapo hakuna kilichovunjika. Dereva atasema breki zimekuwa laini, atapiga za kujaza, atazoea. Gari la tani tatu linaposimama kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zake humeza joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji. Kwenye mteremko mrefu humeza joto hilo tena na tena, na mwanya mwembamba kati ya kalipa na rimu hauachi upepo mwingi kupita. Changarawe moja ya kimo cha mwanya ule inatosha kukwama humo na kuchonga rimu kwa ndani.

Wahandisi wana jina kavu la kile kilichosagwa: kiwango cha usalama. Ni nguvu iliyowekwa juu ya ile inayohitajiwa, kwa ajili ya siku ambayo mzigo umezidi, mafuta yamechakaa, chuma kina kasoro isiyoonekana, na mtoto amekatiza barabara. Akiba hiyo ina sifa ya ajabu: siku zote nyingine inaonekana haina kazi. Anayeiondoa hapati adhabu. Anaweza kuendesha miaka kumi na kujiona mwerevu kuliko kiwanda.

Sasa, chuma kile cha ziada kilikuwa mali ya nani?

Jibu la haraka ni kwamba kilikuwa cha mwenye gari. Alikinunua pamoja na ekseli nzima. Jibu hili lina ukoo mzuri wa kifalsafa. John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru cha 1859, alitetea kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe. Inaweza kumzuia pale tu anapowadhuru wengine. Mpanda miamba wa Utah au California, hata kama hajawahi kumsikia Mill, anaongea lugha yake anaposema gari ni langu na shingo ni yangu. Sheria ya kwao inamsikiliza nusu. Sheria ya shirikisho ya Marekani juu ya usalama wa magari, iliyoanza 1966 na kurekebishwa mara kadhaa, inawakataza watengenezaji, wauzaji na gereji kuzima kwa makusudi kifaa cha usalama. Mwenye gari hatajwi. Gereji ikisaga kalipa mpaka breki ikashindwa kazi inaweza kuulizwa. Mtu akiisaga mwenyewe nyuma ya nyumba yake, kifungu hicho kinamwacha, ingawa jimbo lake laweza kuwa na la kusema. Kana kwamba chuma hubadilika kulingana na mkono ulioshika grainda.

Musa bin Maimun, Myahudi mwanafalsafa na tabibu aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204, angeshangaa. Katika kitabu chake kikubwa cha sheria alifafanua amri fupi ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inayomtaka ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba. Mapaa ya siku hizo yalikuwa bapa, watu wakilala juu yake, wakianika na kuongea. Maimun aliuwekea ukingo kipimo: upana wa kiganja mara kumi kwenda juu, na uwe imara kiasi cha kumhimili anayeuegemea. Halafu akapanua amri kwa kila kitu chenye kuhatarisha maisha, kisima kisicho na kifuniko kikiwa mojawapo. Na akamtaja mtu wa aina fulani kwa hasira isiyofichika, yule asemaye kwamba anajihatarisha mwenyewe, wengine inawahusu nini. Huyo, kwa hukumu ya Maimun, anastahili viboko.

Kati ya Mill na Maimun kuna miaka zaidi ya 600, na wanapotofautiana hasa ni kwenye paa. Mill angeuliza kama mgeni ameanguka. Maimun anasema nyumba ni yako, ila ukingo si wako: ulipojenga tu, sehemu ile ya paa ilishakuwa na mwenyewe mwingine, ambaye bado hajabisha hodi. Kwa hoja hiyo, daraja la kalipa ni ukingo. Mwenye gari ana haki ya kulitumia na kulitunza. Kulipunguza ni kuchota katika mali ya watu asiowajua, na ukweli kwamba hawajulikani haumpi ruhusa.

Wajerumani wameiandika fikra hiyo kwa lugha ya ofisi. Kifungu cha 19 cha kanuni zao za kusajili magari kinasema kibali cha gari hukoma pale linapofanyiwa mabadiliko yanayotarajiwa kuwahatarisha watumiaji wa barabara. Neno zito humo ni hilo la kutarajiwa. Hakuna anayengoja maiti. Ukibadilisha breki au rimu, mara nyingi unapeleka gari kwa mkaguzi, anapima, anaandika kwenye karatasi za gari kilichobadilika, na bila maandishi hayo unatembelea gari lisilo na kibali. Wapenda magari wa huko hulalamika sana, na malalamiko yao si ya kijinga: ukaguzi ni ghali, na mkaguzi aliyezoea magari ya kawaida hawezi daima kumfahamu fundi aliyebobea.

Hapo pana upande wa pili wa kesi, na ni upande mzito. Yapo mambo ya kufaa na kutofaa ambayo mkono huyajua kabla ya kitabu. Katika maandishi ya Kichina yaliyopewa jina la Zhuangzi, mwenye hekima wa karne ya 4 KK, yupo mzee mchonga magurudumu aitwaye Pian anayemwona mtawala Huan wa dola ya Qi akisoma. Anamuuliza anasoma nini. Maneno ya wahenga, anajibiwa. Wangali hai? Wamekufa. Basi, anasema mzee, bwana wangu unasoma makapi. Mtawala anaghadhibika na kumtaka ajieleze, la sivyo atauawa. Mzee anajieleza kwa kazi yake: ukichonga taratibu mno, kiungo kinalegea, ukichonga kwa pupa, kinabana na hakiingii, kipimo cha katikati kiko mkononi na moyoni, na ameshindwa kumfundisha hata mwanawe, ndiyo maana ana miaka 70 na bado anachonga. Ni vigumu kupata utetezi bora wa fundi wa grainda. Mhandisi wa kiwandani alichora kalipa kwa ajili ya pikapu inayobeba shehena kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Gari la kupanda miamba hutembea kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, halina shehena, na breki yake hushika zaidi ya kusimamisha. Fundi mwenye uzoefu anajua ni kona ipi ni bonge la kalibu na ipi ni mshipa. Kumlazimisha afuate mchoro uliokusudiwa kazi nyingine ni ukaidi.

Aristotle alikwisha kuliona tatizo hilo. Katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, akizungumzia haki inayopita herufi ya sheria, alitaja waashi wa kisiwa cha Lesbos waliotumia rula ya madini ya risasi. Rula ile ililainika kufuata umbo la jiwe. Sheria ni ya jumla na maisha ni ya kipekee, alisema, kwa hiyo pana wakati kipimo chenyewe hupaswa kupinda.

Mfano wa Aristotle unapendwa na kila mtu anayetaka kuvunja kanuni, na kwa kawaida hunukuliwa kichwa chini. Kule Lesbos rula ndiyo iliyopinda, jiwe halikuguswa. Aliyesaga kalipa amefanya kinyume. Matakwa yake, yaani rimu ya inchi 15, yamebaki magumu kama rula ya chuma, na kilichokatwa ni kitu chenyewe. Angekuwa mfuasi wa waashi wale, angejiuliza kwanza kama anaweza kupanda na rimu ya inchi 17, ambayo kwa tairi lile la inchi 40 ingempunguzia ubavu kwa inchi moja tu. Inchi moja. Wapo wanaojiuliza hivyo. Kwa miaka ya karibuni rimu za inchi 17 zimejaa kwenye njia za porini, kwa sababu magari mapya yana breki kubwa na soko la matairi limefuata.

Wapo pia waliokwepa mtego kwa kuuhamisha. Lori la jeshi la Marekani M35, la tani mbili na nusu, lililoingia kazini 1950, lilivaa rimu za inchi 20 juu ya ekseli za Rockwell, na ekseli hizo zilipouzwa kama mali chakavu ya jeshi, wapanda miamba walizipigania. Breki zake za ngoma ni kubwa na nzito. Suluhisho lililopendwa na wengi ni kuziondoa kabisa magurudumuni na kufunga diski moja na kalipa kwenye pinioni, pale nguvu inapoingilia katika ekseli. Ghafla gurudumu ni tupu, rimu ndogo inaingia bila kugusa kitu. Na kwa kuwa uwiano wa meno wa ekseli hiyo ni 6.72 kwa 1, kila nguvu ya breki kwenye pinioni inafika gurudumuni imezidishwa karibu mara saba. Uzuri mtupu, kwa hesabu.

Ila breki sasa inafika kwenye gurudumu kwa kupitia meno ya difa na shafti. Shafti ikikatika, gurudumu lile halina breki hata kama diski inabana kwa nguvu zote. Difa isipofungwa, tairi moja laweza kuzunguka nyuma wakati lingine linakwenda mbele, na breki isiseme kitu. Kwenye mwamba hayo huvumilika. Barabarani ni jambo la kutisha, na watu makini wa ufundi huu hawafichi hilo. Si kwamba kuihamisha breki ni kosa kwa asili yake: gari la jeshi Humvee, lililoanza kutengenezwa miaka ya 1980, lina breki za diski ndani kabisa, karibu na difa, mbali na tope na mawe, na habu zake zina giya zinazozidisha nguvu hiyo. Tofauti ni kwamba wahandisi wa Humvee walilibuni gari lote kuzunguka uamuzi huo. Shafti, giya na breki vilihesabiwa pamoja, na akiba ikawekwa upya mahali pengine. Mtu wa pinioni mara nyingi ameiondoa akiba ya zamani bila kuweka mpya.

Kenya nayo ina uwanja wa majaribio ya namna hii. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 ili kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, huyapeleka magari yaliyofumuliwa na kuundwa upya kwenye makorongo na vichaka, na watazamaji husimama kando ya sehemu ngumu kuliko zote. Gari la mashindano ni la mashindano, kila aliyesimama pale anajua ameangalia nini. Mtazamaji amekubali hatari kwa macho yake. Aliye kituo cha basi hakukubali chochote.

Ekseli, hata hivyo, hazikai na mtu mmoja. Biashara hii yote ni ya mkono wa pili: kutoka jeshini kwenda mnadani, kutoka skrepa kwenda gereji, kutoka gereji kwenda kwa kijana anayejenga gari lake la kwanza. Rangi nyeusi imefunika alama za grainda. Waislamu wanakumbuka kisa kilichopokewa na Muslim, cha Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakutana na maji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Mvua haikuwa kosa lake. Kilicholaumiwa ni mpangilio wa rundo.

Sheria ya biashara ya Marekani inaruhusu kitu kiuzwe kama kilivyo, na maneno hayo machache hufuta dhamana ambazo mnunuzi angezitegemea. Ni ndugu wa kile kibao cha madukani kwetu, mali ikishauzwa hairudishwi. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayakuridhika upesi namna hiyo. Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, katika Minhaj, kitabu ambacho kizazi baada ya kizazi cha wanazuoni wa pwani kimekisoma, anachagua kauli hii: muuzaji aliyeshurutisha kwamba hatadaiwa kasoro yoyote hutakasika tu na kasoro ya ndani, ya mnyama, ambayo mwenyewe hakuijua. Sababu inarudi kwa Shafi mwenyewe: mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hugeuka, na ugonjwa wake waweza kumficha hata mwenye kumfuga. Kitu kisicho na uhai hakina udhuru huo.

Kalipa si mnyama. Na aliyeshika grainda hawezi kusema hakujua. Amekosa masharti mawili kwa mpigo, kwa hiyo mnunuzi anabaki na hiari ya kurudisha, hata kama risiti imeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani. Ni hukumu kali na, kwa jambo la breki, ni hukumu nzuri. Tena haimdai muuzaji kitu kigumu: aseme kalipa imesagwa wapi na kiasi gani, na kwa ajili ya rimu gani. Mnunuzi mwenye ujuzi huenda hata akafurahi, maana kazi hiyo angeifanya mwenyewe.

Lakini fiqhi ya mauziano, pamoja na ukali wake, ina watu wawili tu ndani yake. Wa tatu, yule wa kituo cha basi, hana risiti wala hiari, na ukweli wote ambao muuzaji amemwambia mnunuzi haujamwongezea yeye hata milimita moja. Huyo yuko kwenye kifungu cha 19 cha Wajerumani na juu ya paa la Maimun. Wapanda miamba wengi wa Marekani wamempa jibu lao bila kulipigia mbiu: gari la miamba, lenye kalipa zilizosagwa au breki ya pinioni, hupakiwa juu ya trela na kufungwa kwa mikanda, na safari nzima ya barabara kuu huvutwa na pikapu nyingine, ambayo rimu zake ni zile za kiwandani na kalipa zake hazijaguswa na mtu.